Uzoefu wangu na seti ya vali ya kudondosha matone: kisanduku safi, kifuniko ovyo

Seti hii ya kupigia picha matone ya maji ina chupa ya maji, vali ya solenoidi (inayofunguka kwa umeme) ya volti 12, kisanduku cha kupangia muda na nyaya mbili, wa kamera na wa flashi. Kama unataka taji tu, lile linaloruka tone moja linapogonga maji, usiinunue. Mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa sindano utakufaa, ukiwa na subira. Vali inahitajika kwa mwavuli: tone la kwanza linazama, maji yanarudi juu kama mnara mwembamba, kisha tone la pili linatua kichwani mwa mnara na kutandaa. Hapo ukikosea kwa milisekunde 5 tu, umeukosa.

Kisanduku sina la kukilaumu. Vali ikiwa sentimita 45 juu ya trei ya maji, naanzia hapa: vali iwe wazi kwa tone la kwanza milisekunde 40, pengo 80, tone la pili 30, flashi 400 tangu vali ifunguke. Nasogeza flashi kwa tano tano mpaka mwavuli uonekane, ndipo naligusa pengo. Ukibadilisha vyote viwili kwa mpigo hutajua kipi kimeharibu. Na stendi inayoshika vali isiguswe: ukiipandisha sentimita 2, tone linachelewa karibu milisekunde 7, unaanza upya.

Kifuniko cha chupa sasa. Chupa hii ina kimrija cha hewa kinachoshuka hadi karibu na kitako, ili presha itegemee ncha ya kimrija badala ya kimo cha maji. Hilo linawezekana tu kama hewa haina njia nyingine ya kuingia. Kifuniko kilichokuja na seti yangu kilivuja kwenye nyuzi zake. Matokeo yake, kadiri maji yalivyopungua matone yalikuwa madogo, na mpangilio uliotoa mwavuli mwanzoni ukawa unakosa mnara kabisa baadaye. Ni rahisi kudhani kisanduku kimekorofisha. Angalia ncha ya kimrija: vali inapofunguka mara kadhaa bila kiputo kutoka pale, hewa inapita kwingine. Mizunguko mitatu ya utepe wa teflon imeziba.

Ukilazimika kubadilisha vali, jihadhari na zile za bei nafuu za mabomba ya maji. Nyingi zinadai presha isiyopungua megapaskali 0.02, sawa na maji ya kimo cha mita 2, kwa hiyo chini ya chupa ndogo hazifunguki. Tafuta inayofanya kazi kuanzia presha sifuri.

Mwongozo wa seti umeruka suala la flashi, na ndilo linalowaangusha wengi. Kinachogandisha tone ni mwanga wa flashi, si shata. Tone linafika chini kwa kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde; mwanga ukidumu 1/1000 ya sekunde, limeshasogea milimita 3 na picha ina mkia. Shusha nguvu ya flashi hadi 1/32 au 1/64, zima HSS (hali ya flashi kuwaka mfululizo kwa shata za kasi), shata 1/160 chumba kikiwa na giza, f/13, ISO 200. Fokasi ya mkono: laza rula juu ya trei, simamisha skrubu pale tone linapoangukia, lenga skrubu hiyo, kisha ondoa.

Maji matupu hutoa mnara mfupi unaokatika ovyo. Nakoroga gramu 1 ya unga wa zanthani (unga wa kuzidisha uzito wa maji) kwa lita ya maji ya moto, nauacha usiku kucha, halafu nachuja kwa kitambaa, maana bonge moja linatosha kuziba vali. Kabla ya picha ya kwanza fungua vali kwa sekunde 2 kutoa viputo. Ukimaliza, pitisha maji ya uvuguvugu mpaka yatoke bila utelezi. Zanthani ikikaukia ndani, pistoni ya vali inanata, na kesho tone la milisekunde 40 litatoka kama la milisekunde 25.