Programu ya simu ya kujifunza mfuatano wa mistari ya herufi za Kichina: uzoefu wangu

Kwa muda sasa nimekuwa nikijifunza kuandika Kichina kwa programu ya simu inayofundisha herufi mstari kwa mstari, nikiiambatanisha na daftari la tianzige, yaani lile ambalo kila kisanduku chake kimegawanywa katika robo nne. Wengi huuliza kwa nini mtu ajisumbue na mfuatano wa mistari ilhali simu huandika yenyewe mtu akiingiza pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Mimi nauona ni wa lazima kwa yeyote anayetaka kusoma mwandiko wa Mchina, kwa sababu anayeandika haraka hainui kalamu kila mara, na mistari yake huungana kwa kufuata mfuatano uleule. Asiyeujua huona mkunjo tu mahali ambapo mwenzake anaona herufi.

Programu hii hukutaka uchore kwa kidole, na mstari ulioanzia upande usio wake hukataliwa papo hapo. Kanuni za jumla hushikwa upesi: mlalo hutangulia wima, kama katika 十, mstari unaoshukia kushoto hutangulia unaoshukia kulia, kama katika 人, na katika 国 huandikwa kwanza fremu, kisha vya ndani, ndipo mstari wa chini ufunge. Manufaa makubwa niliyapata pale ambapo kanuni hazitoshi. Katika 小 huanza mstari wa katikati, lakini katika 火 hutangulia mistari miwili mifupi ya pembeni, na jambo kama hilo halikai kichwani mpaka mkono ulizoee.

Nawasihi wanaoanza wazime mapema kivuli cha mwongozo. Kikiwapo, kidole hufuata tu njia iliyochorwa. Kikiondolewa, kumbukumbu ndiyo inayofanya kazi, na hapo ndipo mtu hujua ni herufi zipi anazimiliki kweli.

Kasoro iliyonisikitisha zaidi ni kuchanganya viwango vya nchi mbili bila kumwarifu mwanafunzi. China Bara ina kiwango rasmi kilichoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021, kinachoonyesha mfuatano wa herufi zote 8,105 za orodha ya taifa ya mwaka 2013, nao Wajapani, wanaotumia nyingi kati ya herufi hizo, wana mazoea yao. Herufi 王 nchini China huandikwa milalo miwili ya juu, kisha wima, kisha mlalo wa chini. Japani wima huja mara tu baada ya mlalo wa kwanza. Vilevile 右 huanza kwa mlalo nchini China, na Japani huanza kwa mstari unaoshukia kushoto. Kabla hujalipia programu yoyote ya aina hii, zifungue herufi hizo mbili, nawe utajua mara moja inafundisha kiwango kipi.

Jambo jingine ni urefu wa mistari. Programu huridhika na mfuatano na mwelekeo, kisha hurekebisha umbo yenyewe, wakati 土 na 士, au 未 na 末, hutofautishwa na urefu wa milalo peke yake. Ndiyo maana siachi daftari: mistari ya msalaba iliyomo kisandukuni huonyesha wazi mlalo upi umezidi, na kalamu hudai uangalifu ambao kioo hakiudai. Viwango vya Kichina kwa wageni vya mwaka 2021 vinataja herufi 300 za kuandikwa kwa mkono katika ngazi ya mwanzo, na kwa idadi hiyo mtu anaweza kabisa kuandika kila herufi karatasini baada ya kuichora simuni.

Kwa mtu anayejifunza Kichina cha China Bara ninaipendekeza, na watengenezaji ningewaomba jambo moja: kila herufi iandikwe kando yake kwamba mfuatano unaoonyeshwa ni wa nchi gani.