Jiko la presha la umeme la lita 6: linafaa, ila kwanza hesabu uniti zako

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Jiko la presha la umeme, lita 6, wati 1000, nimelinunua shilingi 165,000 hapa Morogoro mjini. Kariakoo lingepungua kidogo, lakini nauli pamoja na usumbufu wa kulirudisha likigoma ungemeza huo unafuu wote. Chapa siitaji kwa sababu haitakusaidia: ni yale ya Kichina, umbo moja, duka hili jina hili na duka la pili jina jingine. Ninayoyasema yatakufaa hata kama lako limeandikwa vinginevyo ubavuni.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, aliijenga marehemu baba mkwe, na jiko liko ndani na dirisha moja dogo. Miaka yote tumepika kwa mkaa, na mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai na vitu vya haraka. Ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi toka kiunoni mpaka darini. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye kwenye mambo ya chungu neno lake ndilo la mwisho. Kwa hiyo hakuna chombo kinachoingia jikoni kwetu bila kupita mikononi mwake.

Maharage ndiyo yaliyompatia jiko hili kibali. Nusu kilo ya maharage ya njano, hayakulowekwa, yameiva vizuri ndani ya dakika arobaini na tano hivi, ukihesabu na muda wa kupanda presha. Nilisoma mita kabla na baada: uniti 0.4. Yakilala kwenye maji usiku, inashuka hadi kama 0.25. Hayo hayo kwa mkaa yalikuwa yanakaa jikoni zaidi ya saa mbili, mtu anachochea, anaongeza maji, anaongeza mkaa, na ndoo ndogo ya shilingi 2,000 inakwenda zaidi ya nusu. Kande ni 0.6. Makongoro nayo ni 0.6 au inazidi kidogo, na nyama inaachana na mfupa yenyewe. Kwa anayependa supu asubuhi, hapo tu jiko limeshajilipa.

Linavyofanya kazi si uchawi. Mvuke ukifungiwa ndani, maji yanavuka nyuzi 100 na kupanda hadi kama 115, hivyo kigumu kinalainika upesi. Halafu sufuria imekaa ndani ya ganda linalotunza joto. Presha ikishafika, umeme unajikata, unarudi kidogo joto likishuka, unajikata tena. Wati 1000 zilizoandikwa chini zinawatisha watu, wanadhani jiko linavuta wati elfu saa nzima. Halivuti. Linavuta mwanzoni, baadaye ni kuonjaonja. Ndiyo maana pia jikoni hakuna lile joto la mkaa la kumtoa mtu jasho saa sita mchana, na wenyeji wa Morogoro mnajua mwezi wa kumi na mbili ukoje.

Wali nusu kilo ni kama 0.2. Unaiva, haushiki, haumwagiki. Tatizo ni kwamba hauna ukoko. Mama mkwe aliutazama, akaugeuza na mwiko mpaka chini akitafuta, kisha akasema, "Mwanangu, huu ni wali wa wagonjwa." Tukikosa muda anakubali kuula. Siku ya wageni anawasha mkaa juu na chini kama zamani, na mimi nanyamaza, maana wali wake wa nazi wenye ukoko na mimi naupenda.

Ugali usijisumbue. Inawezekana kwa kuacha mfuniko wazi na kubonyeza sehemu ya kukaangia, lakini sufuria ya ndani haijashikwa na kitu, ukisonga inazunguka na mwiko wako. Lazima mtu wa pili aishike kwa kitambaa. Chapati hapana. Samaki wa kukaanga hapana. Kuunga maharage humo humo ndiyo, na ni raha: ukitoa maharage, unakaanga kitunguu na nyanya kwenye sufuria hiyo hiyo, unarudisha, unaweka tui, basi. Vyombo vya kuosha vinapungua.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo wauzaji hawalisemi.

Sisi tuko kwenye lile kundi la matumizi madogo la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, la uniti 75 kwa mwezi. Wenye nalo wanaijua shilingi 9,150 kama wanavyoijua namba ya simu yao: uniti 75 kwa shilingi 122 kila moja, kodi na tozo zikiwa ndani, ukiacha ile kodi ya jengo inayokatwa unaponunua. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inakuwa 350 kabla ya kodi, yaani kama 427 mkononi. Ukizoea kuvuka, unahamishwa kundi la juu, ambako uniti ni 292, pamoja na kodi inafika 356, tena kuanzia uniti ya kwanza.

Chukua nyumba inayotumia uniti 72 kwa mwezi, kama ilivyokuwa yetu. Inalipa kama 8,800. Leta jiko linalokula uniti 20 kwa mwezi, ambazo ndizo letu linakula kwa mapishi ya kila siku. Jumla 92. Ukihamishwa kundi, uniti 92 ni karibu shilingi 32,800. Jiko lenyewe limepika chakula cha shilingi elfu saba tu kwa bei hiyo, lakini limeziburuta taa, friji na televisheni navyo kwenye bei ya juu. Nyongeza ya shilingi 24,000 ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Ndipo unasikia mtu anaapa kwamba majiko ya umeme yanafilisi, na jirani yake anaapa kwamba yanaokoa, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo kabla ya kulinunua tulikaa chini, mume wangu na karatasi, mimi na rimoti ya LUKU, tukatafuta uniti 20 zinapopotelea. Hazikuwa mbali. Taa ya nje, balbu ya zamani ya wati 60, ilikuwa inawaka magharibi mpaka alfajiri kwa ajili ya usalama. Kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku, hiyo ni karibu uniti 22 kwa mwezi, taa moja! Tumeweka LED ya wati 9, sasa ni uniti tatu na kidogo. Usalama haujapungua, tena mwanga umekuwa mweupe zaidi. Friji nayo ilikuwa imechoka mpira wa mlango. Weka noti kati ya mlango na fremu, ukiivuta ikatoka bila kushikwa, ujue baridi inatoka usiku na mchana. Fundi alibadilisha mpira, tukaivuta friji mbali na ukuta ili nyuma ipate hewa, na tukaacha tabia ya kuingiza chakula cha moto. Imeshuka toka uniti 33 hadi kama 27. Pasi: nguo za shule zinapigwa zote Jumapili kwa mkupuo, badala ya kuipasha upya kila asubuhi kwa shati moja. Uniti tatu nyingine.

Tulifika kama 44. Jiko likaongeza 20. Tuko 64 au 65, bado chini ya 75, na nafasi ya kupumua ipo. Mkaa tunaununua kwa ajili ya wali wa wageni na nyama choma. Gesi imebaki ya chai na chapati, na mtungi unakaa muda mrefu kuliko zamani. Ukuta tumeupaka rangi, na mpaka sasa ni mweupe.

Kama tayari uko kundi la 356, hesabu yako ni nyepesi kuliko yangu: maharage ya shilingi 142 dhidi ya mkaa wa zaidi ya elfu moja. Nunua tu.

Kwa wapangaji mnaochangia LUKU moja nyumba nzima, hapa kuna shida nyingine. Jirani yetu mmoja alilipenda jiko langu, akataka kununua, mwenye nyumba akakataa: majiko ya umeme marufuku, kama ilivyo kwa hita. Nilimwelewa mwenye nyumba, ameshasuluhisha ugomvi wa pasi mara nyingi. Kinachosaidia ni sabumita ya kila chumba, ili kila mtu alipe alichotumia. Bila hiyo, hata ukipika maharage kwa 0.4 wenzako watasema wewe ndiye unayemaliza umeme, kwa sababu wanasikia harufu ya supu.

Kuna wanaoniuliza kama kweli hii ni nafuu kwa mazingira au tumehamisha moshi tu. Mkaa unaoingia mjini kwetu unatoka Kilosa, Mvomero na kwingineko humu mkoani, na kwenye tanuri la udongo kilo moja ya mkaa inakula kilo tano hadi kumi za kuni. Ukienda barabara ya Kilosa unayaona magunia yamepangwa pembeni, na nyuma yake vichaka vilivyokuwa msitu. Umeme wa gridi kwa sehemu ni gesi asilia, hilo sifichi, ila sehemu kubwa ni maji: Kidatu na Kihansi ziko mkoa huu huu, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, linapokea maji ya mto Kilombero wetu. Serikali nayo ina mkakati wake, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sioni watafikaje kama mtu anayepika kwa umeme anaadhibiwa kwa kuvuka uniti 75. Wangetenga uniti za kupikia juu ya zile za kawaida, mimi ningekuwa wa kwanza kuwatangazia bure.

Kasoro za jiko lenyewe. Vitufe vyote vimeandikwa Kichina. Binti yangu alichukua rangi ya kucha akaweka alama: nyekundu maharage, waridi wali, ya fedha kuzima. Mama mkwe sasa analitumia bila kumuuliza mtu. Plagi ilikuja ya pini mbili na adapta legelege. Fundi alikata, akafunga plagi ya pini tatu na waya wa ethi, na ninashauri ufanye hivyo kabla ya kupika chochote. Lichomeke ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni nyembamba za barabarani zinapata moto mpaka zinanuka.

Jioni umeme ukiwa mdogo, linachelewa sana kupanda presha, wakati mwingine halipandi kabisa mpaka saa tatu. Tunapika mchana. Umeme ukikatika katikati, usifungue: joto lililomo linaendelea kuivisha muda mrefu tu, na mara nyingi maharage yanakuwa yamekaribia. Usijaze maharage kuvuka nusu ya sufuria, povu lake linaziba kile kidude cha kutolea mvuke. Na mpira wa mfuniko unanyonya harufu. Ukipika makongoro leo, wali wa kesho utakukumbusha. Nimenunua mpira wa pili, mmoja wa nyama, mmoja wa vingine. Dukani nilikonunulia jiko hawakuwa nao, na yule muuzaji aliyeniandikia dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti hakujua hata nazungumzia mpira gani. Niliupata kwa fundi wa majiko, shilingi 8,000.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya vipuri na yale maandishi. Ukienda kununua, beba lita moja ya maji, mwambie muuzaji alichomeke na kulipandisha presha mbele yako. Angalia mvuke: ukitoka pembeni mwa mfuniko badala ya kwenye kidude cha juu, mpira haujakaa au mfuniko umepinda, omba jingine. Muulize mpira wa akiba anauza bei gani, na kama hauzi, punguza hiyo elfu nane kwenye bei kabla hujafungua pochi.