Kibanda cha Rautulampi: mlango usio na kufuli, kuni zisizolipiwa

Huu ni mwaka wangu wa nne Ivalo, kaskazini kabisa mwa Ufini, na kila Septemba nikipata siku ya mapumziko katikati ya wiki sina mjadala: naenda Rautulampi. Safari hii nilikwenda peke yangu, na nimerudi nikiwa na hamu ya kukiandikia kile kibanda. Wenzetu wanaohamia huku huniuliza habari za hoteli zenye paa za vioo na magari ya theluji ya kuvutwa na mbwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu hiki, na kwangu mimi ndiyo huduma bora kuliko zote katika upande huu wa nchi.

Rautulampi ni kibanda cha mchana, Wafini wanakiita päivätupa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1983, ikapewa jina la rais aliyeiongoza nchi tangu 1956 hadi 1982, nayo ina takriban kilomita za mraba 2,550. Hakuna geti. Hakuna tiketi wala askari wa kukuuliza unakwenda wapi. Kwa sisi tuliozoea kulipa getini kabla ya kumwona hata swala mmoja, inachukua muda kuliamini jambo hili. Metsähallitus, shirika la serikali linalosimamia misitu, ndilo linalotunza njia na vibanda, na ndilo linaloleta kuni. Wewe unakuja na chakula chako, unaingia, unawasha jiko, unapumzika, unakwenda zako. Kulala hairuhusiwi isipokuwa umepatwa na dharura. Wanaotaka kulala wana vibanda vingine, autiotupa, na huko desturi inasema aliyefika mwisho ndiye mwenye haki ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyechoka zaidi. Niliposimuliwa hilo mara ya kwanza niliomba nirudiwe, nikidhani Kifini changu kimenidanganya.

Nilianzia Kiilopää, chini ya saa moja kwa gari kutoka nyumbani. Asubuhi ile baridi ilikuwa nyuzi mbili chini ya sifuri na mbao za kukanyagia, zile zinazolazwa juu ya matope, zilikuwa zimevaa barafu nyembamba. Niliteleza kwenye ubao wa tatu tu, goti likagonga. Baada ya hapo nikawa nakanyaga pembeni mwa mbao, kwenye misumari, palipo na mshiko. Asiye na viatu vyenye soli ya meno asubiri jua lipande kwanza.

Kamusi zetu zinayaita majira haya vuli. Mimi neno hilo huniletea mvua za Oktoba, harufu ya vumbi lililoloa, na mama akihamisha nguo kambani. Huku ni jambo jingine kabisa. Wafini wana neno ruska, na maana yake si msimu wenyewe bali zile rangi, ambazo hapa hukolea karibu na wiki ya pili ya Septemba na baada ya siku chache upepo mmoja unazikung'uta zote. Juu ya vilima hakuna miti. Kuna koivu wa kibete, ndugu mdogo wa koivu, ule mti wa gome jeupe; ni kijiti kisichofika hata magotini, chenye majani ya mviringo madogo kama sarafu, na ndicho kinachowaka. Nilichuchumaa kulitazama jani moja kwa karibu: katikati jekundu la damu, ukingoni bado kijani, na umande umegandia kwenye meno yake mmoja mmoja. Ukiinuka na kuangalia mbali, jani hilo hilo limekuwa kilima kizima. Kati ya vijiti yalikuwepo matunda ya puolukka, mekundu, makali kidogo ulimini, yakiwa na ubaridi wa usiku ndani yake. Sheria inamruhusu yeyote kuyachuma, nami nilijaza kikombe. Mbu wote walishakufa. Aliyewahi kupita hapa Julai anajua uzito wa sentensi hiyo.

Njiani sikukutana na mtu. Nilikutana na poro saba, kulungu wa kufugwa wa huku, wakalivuka bonde bila haraka. Na ndege afananaye na kwale akaruka karibu na mguu wangu kwa kelele hadi moyo ukanipasuka. Mabawa yake ni meupe mwaka mzima, ila mgongo ulikuwa bado wa kahawia. Anabadilisha nguo kwa ajili ya theluji.

Sasa kibanda chenyewe. Kipo karibu na ziwa dogo. Rautu ni aina ya samaki wa maji baridi na lampi ni hilo ziwa. Ni cha magogo, chumba kimoja, meza, mabenchi ya ubavuni, jiko la chuma la kuni. Mlango una kitasa tu. Nilipofungua nilipokewa na harufu ya majivu na mbao kavu, na baridi ya ndani ilikuwa nzito kuliko ya nje. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata kufungua zipu ya begi nikatumia meno. Nikageukia jiko, na pale kando yake mtu alikuwa ameniwekea kila kitu: vipande vinne vya kuni vilivyopasuliwa vyembamba, gome jeupe la koivu limekunjwa, na vijiti vitatu vilivyochongwa kwa kisu hadi maganda yakajikunja bila kuanguka, kama nywele za mtoto. Njiti moja ya kiberiti ikatosha. Gome la koivu lina mafuta, linashika hata likiwa na unyevu, na sauti yake linapowaka ni ya kukaanga kitu.

Nilikaa mbele ya moto ule nikanywa chai ya tangawizi niliyoibeba kwenye chupa, nikapasha chapati juu ya jiko, na kwa kweli machozi yalinilengalenga. Sina ndugu ndani ya kilomita elfu kadhaa. Aliyechonga vile vijiti hanijui wala hatanijua. Alikaa pale na kisu, pengine amechoka na bado ana safari ya saa tatu kurudi, akamchongea mtu wa kesho.

Nasema hivi kwa kuwa nimeiona pia hali ya kinyume. Mwaka jana, kwenye kibanda kingine ambacho sikitaji, waliotutangulia walikuwa wameacha makopo ndani ya jiko, karatasi za nailoni zimeyeyukia kwenye chuma, na hakuna hata kipande kimoja cha kuni ndani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilikwenda kwenye banda la kuni nikapasua magogo mabichi kwa mikono inayotetemeka, na moto ulinichukua karibu saa nzima. Mapipa ya taka hayapo kwenye vibanda hivi na hayatakiwi kuwepo. Ulichokuja nacho unarudi nacho. Kama hilo linakushinda, tafadhali kaa mjini.

Mnaotaka kwenda, mambo machache ninayoyajali. Wikendi za ruska kibanda hujaa, basi nenda Jumanne au Jumatano. Maji nilichota kwenye kijito. Choo ni cha shimo, kipo nje, ni safi, na ukimaliza unamwaga kopo la peti, yaani mboji kavu ya kinamasi. Simu yangu ilipoteza mtandao mara mbili, hivyo ramani ya karatasi ilikuwa mfukoni, ingawa njia ina nguzo za mbao zinazoonekana vizuri. Pakueni programu ya 112 Suomi kabla ya kutoka; ukipiga 112, namba ya dharura, kupitia humo, mpokeaji anaona ulipo. Na ukienda peke yako mwachie mtu ujumbe: njia gani, na saa ngapi apige simu asipokusikia. Mimi humwachia jirani yangu wa mlango wa pili. Jua siku ile lilikuwa likizama mnamo saa mbili usiku, lakini msimu huu kila siku inapoteza karibu dakika nane, kwa hiyo hesabu ya wiki iliyopita haikufai.

Kabla ya kuondoka niliandika jina langu kwenye daftari la wageni, nikafagia, nikaenda kwenye banda la kuni. Shoka lilikuwa kali. Nilipasua mpaka kapu likajaa, nikachukua kisu changu kidogo nikajaribu kuchonga vile vijiti. Cha kwanza kilikatika. Cha pili maganda yote yakaanguka sakafuni. Cha tatu kilisimama, kibaya, lakini maganda yameshika. Nikakiweka kando ya jiko pamoja na gome.

Ninafanya kazi kwenye makao ya wazee, na kuna mzee mmoja aliyekata miti ujana wake wote ambaye kila nikirudi kutoka mlimani huniuliza nilipofika. Kesho yake asubuhi nilipompelekea uji nikamwambia, Rautulampi, na moto niliukuta umeandaliwa.

"Na wewe ukaacha nini?"

"Kapu moja, mzee. Na kijiti kimoja cha kuchonga."

"Koivu au msonobari?"

"Koivu."

Akatazama mikono yangu, akaona lengelenge kwenye kidole gumba. "Kisu ukishike karibu zaidi na mpini," akasema, kisha akavuta bakuli la uji.