#101 au #<kina>?

Mashine yetu ya kuchonga milango ya mninga hapa Mtwara inatumia LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine, inayokubali njia zote mbili za kuhifadhi kipimo ndani ya msimbo: kwa namba au kwa jina. #101=6 ni fupi, na hata Fanuc, mfumo mwingine wa kuendesha mashine, inaielewa. Ila rudi baada ya msimu wa korosho: 101 ilikuwa kina cha kuchonga au kipenyo cha biti (kisu cha mashine)? #<kina>=6 inajieleza yenyewe. Tena ukikosea ukaita #<kinaa>, programu inagoma palepale. Namba usiyoijaza inasomwa sifuri, kimyakimya. Ikiwa ndiyo kimo cha kuinulia biti, biti inahama ikikwaruza ubao. Mninga wenyewe bei unaijua! Mimi ni wa majina. Namba nazibakizia vipimo vya kuhifadhiwa kwenye faili, maana majina hufutika ukizima.