Mashine ya kupima vairasi kwa vichanga: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Jamani naandika hii moyo haujatulia, mnivumilie. Kazini tuna ile mashine ndogo ya mezani ya kupima VVU kwa vichanga, unajaza damu kwenye katriji, unaichomeka, unafunga, yenyewe inatafuta vinasaba vya kirusi na baada ya kama saa moja una jibu. Sifa zake zingine mtazikuta kokote, mimi nataka kuongelea siku moja tu.

Juzijuzi alikuja mama na mtoto wa wiki 6. Umri huo kile kipimo cha kawaida cha kingamwili hakikusaidii, maana mtoto anatembea na kingamwili za mama yake hata mpaka miezi 18, kwa hiyo lazima umtafute kirusi mwenyewe. Nikakipasha kisigino joto, nikachoma, nikafuta tone la kwanza, nikajaza katriji polepole nikichunga hewa isiingie, mtoto analia, mama anamnyonyesha huku mikono inamtetemeka. Tukasubiri. Mama hakubandua macho kwenye skrini, dakika zinapungua moja moja, zimebaki kama tano hivi, mashine ikalia pii ikaandika erori na namba. Basi! Na katriji ikishaingia mara moja ndio imeisha, hairudiwi, ni ya kutupa.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, ndio anao?"

Nikamwambia hapana mama, erori sio jibu, haisemi anao wala hana, mashine huwa inajihakiki yenyewe kwa ndani na ikiona kuna kitu hakijaenda sawa inakataa kutoa majibu. Ni kweli kabisa lakini niliona usoni haniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia.

Nikampigia fundi wa hao waliotuletea. Sijamaliza hata kusoma namba ya erori kanikatiza, "Dada, mashine haina shida, shida ni nyie, mnajaza damu vibaya." Hajauliza chumba kina joto kiasi gani, hajauliza umeme ulicheza au vipi, hajauliza katriji tunazitunza wapi, wala kama ndio mara ya kwanza (sio ya kwanza!!). Nikamuuliza kaka, nina mtoto hapa ameshachomwa, nimchome tena au nisubiri wewe uje? Akasema soma kitabu cha maelekezo, akakata simu. Kitabu chenyewe nimekisoma mpaka kurasa zimelegea, na mbele ya ile namba kimeandika rudia kwa katriji mpya, mwisho hapo.

Nilikaa chini niandike msiichukue hii mashine. Halafu nikakumbuka tulikotoka, tunadondoshea damu kwenye karatasi, inakauka, inasafirishwa maabara, majibu yanakuja baada ya wiki kibao na mama mwingine ndio hujamuona tena, wakati watoto wenye VVU wasipoanzishiwa dawa karibu nusu yao hawafikishi miaka 2. Sasa nirudi kwenye karatasi? Siwezi, hapana.

Nikachoma kisigino cha pili, mama mwenyewe ndiye aliyenishikia mguu. Safari hii ikafika mwisho, kirusi hakijaonekana. Mama alilia mpaka mtoto akaacha kunyonya akawa anamwangalia. Nikamweleza maadamu bado ananyonyesha lazima amrudishe kupimwa tena, akaitikia huku ameikumbatia ile karatasi ya majibu.

Kwa hiyo mashine naipa alama nzuri. Au niseme za wastani, maana kama damu haikutosha au katriji ni mbovu ingesema mapema, tena kwa maneno mtu anayoelewa, sio kumsubirisha mzazi mpaka dakika tano za mwisho. Huduma yao kwa simu sifuri, na hiyo sibadilishi.

Leo asubuhi imetoa namba ileile tena.