Safari ya Namoratunga: gari safi, mwongozaji hapana

Kwanza niseme gari lilikuwa safi, maji baridi yalikuwepo na dereva ni kijana mpole sana, kwa hayo sina neno. Shida ni mwongozaji ambaye kampuni ya safari ilitupatia. Tulitoka Lodwar asubuhi kuelekea Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, kuona nguzo za kale za mawe za Namoratunga, safari nimeitamani tangu kitambo, maswali kibao. Tumeshuka tu, zile nguzo 19 za mawe meusi ya volkano zimeinama huku na kule, nikauliza nani alizisimamisha. Jamaa bila aibu akasema ni watu wa kutoka angani ama Wamisri, "sasa dada, huku nani angeweza kubeba hizo?"

Nani angeweza?? Wafugaji wa kale wa Ziwa Turkana hilo hilo! Kule Lothagam, mahali pengine penye nguzo kama hizi karibu na ziwa, watafiti walitangaza 2018 kwamba chini ya jukwaa la mawe la upana wa mita 30 hivi walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, mpaka watoto wadogo, karibu kila mmoja na mapambo yake, na hakuna dalili kwamba fulani alikuwa mkubwa kuliko wenzake. Hiyo ni miaka kama 5,000 iliyopita, na nguzo zingine zilitolewa kilomita nzima kutoka pale. Fumbo kwangu ni hili, mvua inapungua, ziwa linarudi nyuma, na bado watu wanaacha mifugo wanaenda kubeba mawe, kwa nini? Halafu kuna watafiti waliosema 1978 kwamba nguzo za Kalokol zimepangwa kufuata nyota, kama kalenda ya Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, wenzao wakapinga. Si hayo ndiyo tungebishania pale?

Kilichonimaliza kabisa ni mzee mmoja Mturkana aliyekuwa hapo kando, ameanza kutusimulia vile watu walicheka wakageuzwa mawe, jamaa akamkata, "mzee sogea wageni wapige picha." Mzee wa watu akanyamaza. Yaani umfukuze mwenye kwao? Nilimwambia jamaa aombe msamaha akaenda kukaa kwa gari, na ofisini kwao nilipopiga simu nikaambiwa tu pole madam.

Nguzo zenyewe nendeni, tena nendeni na mwenyeji wa Kalokol. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimewapa nyota tatu kwa sababu ya dereva. Nimerudi nikaweka moja, na dereva anisamehe.