Massey Ferguson 135 ya mtumba: mwaka mmoja nayo Hombolo

Nina ekari tisa Hombolo, mbili za zabibu, zilizobaki ni alizeti na mtama. Miaka yote nilikuwa nakodi trekta, na anayelima Dodoma anajua shida yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikidondoka Desemba kila mtu anataka kulima wiki hiyohiyo, na mwenye trekta anaanza na ndugu zake. Zamu yako ikifika unyevu umeshakwenda. Mwaka jana mwezi wa saba nikanunua yangu, Massey Ferguson 135 iliyoletwa mtumba kutoka Uingereza.

Hizi zilianza kutengenezwa mwaka 1964, Coventry, kwa hiyo usitafute mpya. Yangu ina injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Wenye mashamba ya mahindi Kibaigwa wataiona ndogo. Kwangu udogo huo ndio nilioutaka: matairi yake yanasogezwa ndani au nje, nikayavuta ndani, na sasa inapita kwenye mistari yangu ya zabibu ya mita 2.5 bila kugusa waya. Halafu haina kompyuta yoyote. Mafundi wengi wa trekta huku wamejifunzia kazi kwenye hizi, na spea zake sijawahi kuzikosa.

Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nyekundu inang'aa, hadi bolti zimepakwa rangi. Nikaweka mkono kwenye injini, ya moto. Walikuwa wameshaiwasha kabla sijafika. Nikamwambia muuzaji nitarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi na isiguswe. Hakufurahi. Kesho yake, kwa baridi ya Julai, ilizungushwa muda mrefu ndipo ikashika, ikatoa moshi mweupe usioisha. Fundi wangu akafungua kifuniko cha kumiminia oili na moshi ukampuliza usoni kwa mapigo, puu, puu, puu. "Mama, hii inapumua. Ringi za pistoni zimekwisha." Tukaondoka.

Ya pili ilikuwa imepauka, kiti kimechanika, lakini iliwaka ikiwa baridi kabisa na moshi ukakata mapema. Ubaya wake tuliukuta nyuma. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Kwenye 135 oili hiyohiyo inalainisha gia na difu na ndiyo inayoinua plau, kwa hiyo maji yakiingia humo yanaharibu vitu vingi kwa pamoja. Muuzaji akasema ni maji ya kuoshea tu. Fundi hakubishana naye. Akashika mti wa gia, akaukunja ule mpira wa chini yake, ukafunguka nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Trekta ililala nje na mvua ikaingilia hapo. Tukainua plau injini ikiwa inawaka, tukaiacha juu. Mikono ya nyuma inayobeba plau ikashuka kidogo, ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Maana yake oili inavuja ndani na pampu inahangaika kuirudisha. Bei ilikuwa milioni 14. Nikachukua kwa milioni 12 na laki 8, baada ya kuhakikisha namba ya chasisi inalingana na kadi.

Matengenezo yalichukua siku mbili chini ya mkwaju wangu. Tulimwaga oili, tukasafisha kwa dizeli, tukamwaga tena, tukafungua kifuniko kizito cha juu kwa winchi ya mnyororo tukabadili sili za pistoni ya kuinulia. Dumu la lita 20 la oili mpya halikutosha, pangeni bajeti ya zaidi. Mikono imetulia mpaka leo.

Kinachohitaji macho kila siku huku kwetu ni chujio la hewa. Lina bakuli lenye oili, vumbi linanasa humo. Upepo wa Agosti na Septemba ukivuma, nikilifungua jioni nakuta tope zito chini, unaweza kulichota kwa kijiko. Nalisafisha na kubadili oili yake kila siku ya kazi. Vumbi likipita hapo linakwenda moja kwa moja kusaga silinda. Wala silimi ardhi ikiwa kavu. Waingereza walipoanza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walileta matrekta mengi yaliyotumika vitani, na ardhi hii iliyakomesha. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Udongo wetu ukikauka ni saruji.

Dizeli ikiisha shambani, kuongeza tu hakutoshi. Hewa imeshaingia, lazima ulegeze skrubu za kutolea hewa kwenye chujio na pampu, upampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Nimejifunza kufanya mwenyewe kwa spana mbili.

Jambo moja lilinitisha kweli. Yangu ina Multi-Power, kiswichi cha kubadili mwendo bila kukanyaga klachi. Siku moja nimevuta tela la mawe nikiteremka, kiswichi kikiwa Low, yaani mwendo wa chini, trekta ikaanza kukimbia kama iko huru. Ndivyo zilivyo zote: kwenye Low injini haizuii mwendo mteremkoni. Weka High na gia ndogo kabla hujaanza kushuka, na pedeli mbili za breki zifunge pamoja. Muuzaji hakuniambia, na mwanangu naye huwa anaiendesha.

Msimu uliopita nilimaliza ekari zangu saba za alizeti na mtama kwa siku tatu, nikalimia na majirani wawili. Nozeli moja, ile inayopulizia dizeli kwenye silinda, imeanza kuchechemea, nitaitoa kupimwa kabla ya Novemba. Mpira mpya wa gia upo mzima, na trekta inalala bandani.